Je, ninatenda dhambi nisipoweza kushukuru kwa msiba wangu?

Swali: "Mume wangu alifariki miezi minane iliyopita baada ya kuugua kwa miaka miwili. Tuliomba na kufunga, na watu wengi walituombea. Tangu siku ya mazishi naambiwa, 'Shukuru kwa kila jambo, Mungu ana makusudi yake.' Wapo pia walionidokeza kwamba pengine imani yetu ilipungua. Sijaacha kumwamini Mungu, lakini siwezi kumshukuru kwa kifo cha mume wangu, na kila ninapojaribu kuyatamka maneno hayo najiona mnafiki. Je, ninatenda dhambi? Nifanye nini ili imani yangu isizimike? Nimeombwa pia nitoe ushuhuda wa shukrani mbele ya kusanyiko, nami sijui niseme nini."

Jibu: Dada mpendwa, Bwana Yesu asifiwe. Pole sana kwa msiba uliokupata, na pole pia kwa miaka miwili ya kuuguza, kwa maana watu wengi hukumbuka kutoa pole ya kifo wakasahau pole ya kuuguza, ambayo nayo huuacha mwili na roho vikiwa na uchovu usioonekana kwa macho.

Jibu fupi ni kwamba hutendi dhambi. Nalisema hilo mapema ili usisome maelezo marefu huku moyo ukidunda kwa kungoja hukumu. Hata hivyo, jibu fupi peke yake halitakufaa usiku wa manane utakapoamka na kulikuta swali lako palepale ulipoliacha. Kwa hiyo naomba tuusome pamoja mstari uliokutesa, kwa sababu naona kwamba mzigo uliobebeshwa si ule ulioandikwa.

Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike waraka wake wa kwanza yapata mwaka 50 au 51, akiwa Korintho. Katika sura ya 5, mstari wa 18, Biblia yetu ya Kiswahili inasema, "shukuruni kwa kila jambo; maana hayo ni mapenzi ya Mungu kwenu katika Kristo Yesu." Neno linalokukwaza ni hilo dogo, "kwa". Katika lugha yetu neno hili lina kazi nyingi: tukisema mtu amekufa kwa njaa, njaa ndiyo sababu, tukisema amekuja kwa miguu, miguu ndiyo njia, tukisema ameishi kwa amani, amani ndiyo hali aliyokuwa nayo. Mfiwa anapoambiwa "shukuru kwa kila jambo", masikio yake husikia maana ile ya kwanza, yaani "shukuru kwa sababu ya kila jambo", na hapo hapo jambo lenyewe humjia mbele ya macho: kitanda cha mgonjwa, pumzi ya mwisho, kaburi. Lakini Paulo aliandika kwa Kigiriki, na neno alilolitumia hapo ni "en", ambalo maana yake ya kawaida ni "katika" au "ndani ya". Anawaagiza wawe watu wa kushukuru wakiwa ndani ya kila hali. Hawaambii kwamba kila hali ni zawadi.

Huenda mtu akakujibu kwa kukufungulia Waefeso 5:20, ambapo Paulo huyo huyo anasema tumshukuru Mungu Baba sikuzote "kwa mambo yote", na hapo Kigiriki chake si "en" bali ni "huper", yaani "kwa ajili ya". Hoja hiyo ni ya haki na sitaikwepa. Wapo walimu wanaoheshimika wanaoufundisha mstari huo kwa upana wake wote, wakisema kwamba kwa kuwa Mungu anatawala juu ya yote, basi yote yashukuriwe. Mimi nausoma pamoja na majirani zake. Katika sura hiyo hiyo, mstari wa 11, Paulo anawakataza Waefeso wasishirikiane na matendo ya giza, bali wayakemee; basi ni wazi kwamba "yote" ya mstari wa 20 hayawezi kujumuisha mambo ambayo mstari wa 11 unaagiza yakemewe. Mtu hawezi kukikemea kitu kwa mkono mmoja na kukishukuru kwa mkono wa pili. Isitoshe, mstari wenyewe umo ndani ya maneno yanayohusu kuimba na kuabudu pamoja, na shukrani inayotajwa ni ile inayotolewa katika jina la Yesu Kristo, ambaye hatukuwahi kumsikia akiyaita mabaya mema.

Na kifo Biblia inakiitaje? Paulo anaandika katika 1 Wakorintho 15:26, "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Hakikuitwa rafiki, wala mlango mzuri, wala mjumbe wa heri, kimeitwa adui. Tumaini letu Wakristo linasimama juu ya ushindi dhidi ya adui huyo, na ushindi hauna maana kama aliyeshindwa hakuwa adui. Kwa hiyo moyo wako unapokataa kusema "asante kwa kifo", usifikiri upesi kwamba ni uasi, kwa maana unakubaliana na mtume.

Nakiri kwamba sisi wahubiri tumewakosea wafiwa katika jambo hili, na mimi nimo. Nilipokuwa ningali mgeni katika huduma, nilimwambia mama mmoja aliyefiwa na mwanawe kwamba Mungu ameliona ua zuri akalichuma. Alinitazama kwa utulivu, akaniuliza kama Mungu hana bustani yake mwenyewe. Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo sijatumia tena maneno hayo. Nilikuwa nimemfanya Mungu kuwa mwizi wa watoto ili nipate sentensi ya kufariji.

Mtazame Yesu mwenyewe kaburini kwa Lazaro, katika Yohana sura ya 11. Kama yupo aliyekuwa na haki ya kusema "msilie, Mungu ana makusudi yake", ni yeye, maana makusudi aliyajua kwa hakika, na muda mfupi tu baadaye angemwita Lazaro atoke akiwa hai. Pamoja na kuyajua hayo yote, alipomwona Mariamu akilia, na watu waliofuatana naye wakilia, aliugua rohoni na kufadhaika, na mstari wa 35 unasema, "Yesu akalia machozi." Kisha angalia mstari wa 41: mbele ya kaburi lile lile anainua macho yake na kumshukuru Baba. Anashukuru nini? Anashukuru kwa kuwa Baba amemsikia, na kifo cha rafiki yake hakimo katika shukrani hiyo. Machozi na shukrani vilitoka kwa mtu mmoja, mahali pamoja, na hakuna kimojawapo kilichokuwa cha uongo.

Hapo ndipo ninapopata jibu la neno lako "mnafiki". Mnafiki ni mtu anayeonyesha kitu asichokuwa nacho ili watu wamsifu. Wewe unacho kitu, nacho ni huzuni, na umeambiwa ukifiche ili uonekane una kingine. Unafiki unaouhisi hautoki katika imani yako. Unatoka katika vazi ulilovishwa. Livue. Mungu hakukuomba ulivae.

Ukilivua, utabaki na nini cha kumwambia Mungu? Utabaki na maombolezo, nayo ni sala kamili yenye haki ya kusimama mbele za Mungu kama sala nyingine yoyote. Katika Zaburi 150 tulizo nazo, karibu theluthi moja ni za maombolezo. Zaburi ya 13 inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi ya 88 inaanza kwa kumlilia Mungu wa wokovu mchana na usiku, inapita katika shimo na vilindi, na inaishia gizani bila mstari hata mmoja wa kufariji mwishoni. Nimewahi kujiuliza kwa nini waliokusanya Zaburi hawakuiongezea mistari miwili ya matumaini ili isomeke vizuri ibadani. Hawakuiongezea, na kwa kutoiongezea waliacha nafasi katika kitabu cha nyimbo za watu wa Mungu kwa ajili ya mtu ambaye leo yuko gizani na hana cha kuongeza.

Kuna tofauti, hata hivyo, kati ya kumlalamikia Mungu na kumnung'unikia Mungu pembeni. Wana wa Israeli jangwani walinung'unika wao kwa wao hemani mwao, wakimsema Mungu kana kwamba hayupo. Mwenye kuomboleza humgeukia Mungu uso kwa uso na kumwambia, "Wewe, mbona?" Neno hilo "wewe" ndilo uti wa mgongo wa imani katika siku za giza. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa, alimshitaki Mungu, alidai apewe nafasi ya kujitetea. Naye Mungu alipojibu hakumwachia bila kumkemea, kwa maana alikuwa amesema mengi asiyoyafahamu. Lakini mwishoni, katika Ayubu 42:7, ghadhabu ya Mungu inawaka juu ya marafiki watatu waliotoa hotuba ndefu za kumtetea Mungu, na anasema kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Jambo jema kuliko yote walilolifanya marafiki wale lilikuwa la mwanzo kabisa, walipoketi naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa.

Na hilo linanifikisha kwa wale waliokudokeza kwamba imani yenu ilipungua. Nitalipitia upesi kwa sababu halistahili kukaliwa. Waebrania sura ya 11 inawataja watu wa imani ambao waliokoka na makali ya upanga (mstari wa 34), na kabla hujameza mate inawataja wengine waliouawa kwa upanga (mstari wa 37), na wote wawili, aliyeokoka na aliyeuawa, wameshuhudiwa kwa imani ile ile. Paulo aliomba mara 3 aondolewe mwiba katika mwili, naye hakuondolewa, aliambiwa, "Neema yangu yakutosha." Walipomuuliza Yesu juu ya kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, alijibu kwamba si huyo wala si wazazi wake. Kwa hiyo mtu akikuletea tena hesabu ya imani yenu, kana kwamba uponyaji hupimwa kwa kilo, una ruhusa ya kumwambia kwa heshima kwamba hesabu hiyo haimo katika Injili.

Sasa turudi katika mstari wetu, maana bado nina jambo moja la kukuonyesha, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko hili la "kwa". Litazame neno la kwanza: "shukuruni". Kiswahili kimelihifadhi vizuri kile ambacho mazoea yetu ya kunukuu yamekipoteza, kwa maana tunapomnukulia mfiwa tunasema "shukuru", tunaikata "-ni" ya mwisho na kuitupa. Paulo hakumwandikia mjane mmoja aliyeketi peke yake chumbani. Aliliandikia kanisa zima, tena kanisa lililokuwa likiteswa, kanisa lililokuwa limefiwa kiasi kwamba katika sura ya 4 ilimbidi awafundishe habari za waliolala mauti, wasije wakahuzunika kama watu wasio na matumaini. Hakusema wasihuzunike. Na mistari minne tu kabla ya "shukuruni", yaani katika 5:14, amewaagiza wawatie moyo walio dhaifu, wawatie nguvu wanyonge, na wawavumilie watu wote. Utaratibu wa maagizo hayo una maana: kwanza wanaoweza kusimama wamshike asiyeweza, kisha wote kwa pamoja washukuru. Shukrani ni kazi ya kusanyiko, na katika kusanyiko wapo wanaoweza leo na wapo wasioweza leo. Wakati wako wa kutoweza ni wakati wa wengine kuibeba shukrani kwa niaba yako, kama wewe ulivyoibeba kwa ajili ya mtu fulani katika miaka yako ya furaha, pengine bila kujua.

Unamkumbuka mtu mwenye kupooza katika Marko sura ya 2, aliyebebwa na watu 4 na kuteremshwa kupitia darini? Imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao. Hatuambiwi yule aliyelala kitandani alikuwa akiwaza nini. Huenda alikuwa na imani kubwa, huenda alikuwa amechoka kiasi cha kutotaka kubebwa. Lililo wazi ni kwamba imani ya waliombeba ilihesabiwa, naye akapokea. Basi wanaokuambia "shukuru" na kuondoka wamelisoma agizo nusu. Wangelilisoma lote wangekaa nawe, na Warumi 12:15 ingewaambia wafanye nini: "lieni pamoja nao waliao."

Umeuliza ufanye nini ili imani yako isizimike. Usishangae nikianza na usingizi na chakula. Nabii Eliya, katika 1 Wafalme sura ya 19, aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumpa mahubiri. Alimwacha alale, kisha malaika akamgusa, akamwambia ainuke ale, akala, akalala tena, akaguswa mara ya pili na kuambiwa, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Maswali na mafundisho yalikuja baadaye, mlimani Horebu, baada ya mwili kupata haki yake. Mtu aliyeuguza miaka miwili amevunja usingizi kwa miaka miwili, na mara nyingi anachokiita ukavu wa kiroho kina mizizi yake katika mwili uliochoka. Na ikiwa miezi hii minane imefika mahali ambapo hulali kabisa, huwezi kula, huoni sababu ya kuinuka, au unapata mawazo ya kutaka kufa, tafadhali mwone daktari au mshauri nasaha aliyefunzwa, tena bila kuchelewa, na umwambie mtu wa karibu nawe. Huzuni ya msiba na ugonjwa wa sonona si kitu kimoja ingawa hufanana kwa mbali, na kutibiwa si kumkana Mungu. Paulo mwenyewe hakuona aibu kuandika, katika 2 Wakorintho 1:8, kwamba wakati fulani walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi.

Kwa upande wa sala, fupisha. Baba wa kijana mgonjwa katika Marko 9:24 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na sala hiyo ya maneno manne ilipokelewa. Ukikosa maneno yako mwenyewe, soma zaburi moja kwa sauti kila siku, kwa mpangilio, bila kuchagua. Siku utakapofika kwenye zaburi ya furaha usiyoihisi, isome kwa ajili ya wengine wanaofurahi siku hiyo. Siku utakapofika kwenye zaburi ya machozi, ujue wengine wanaisoma kwa ajili yako.

Na usiiache Meza ya Bwana. Neno "ekaristi", ambalo baadhi ya makanisa hulitumia kuiita meza hiyo, linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya shukrani, na ningependa uangalie shukrani hiyo ilitolewa lini. Paulo anasema ilikuwa usiku ule aliotolewa Bwana Yesu. Marko 14 inatupa mfuatano wenyewe: Yesu anatwaa kikombe na kushukuru, wanaimba, wanatoka kwenda mlima wa Mizeituni, na katika Gethsemane anaanza kufadhaika sana na kuhangaika, anaanguka kifudifudi na kuomba kikombe kimwepuke. Usiku mmoja, vikombe viwili: kimoja alikishukuru, kingine aliomba kiondolewe. Kesho yake alikuwa msalabani akilia, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?", nayo hiyo ni mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22, zaburi ya maombolezo. Kama Mwana wa Mungu hakukishukuru kila kikombe, nani amekulazimisha wewe? Unapofika mezani huku umekosa maneno, unaingia ndani ya shukrani yake iliyokwisha kutolewa usiku wa kuamkia mateso. Unapokea mkate, unanyamaza, na inatosha.

Shukrani yako mwenyewe itarudi, nami nadhani itarudi kwa njia ndogo na mahususi kabla ya ile kubwa. Acha kwanza kujaribu kushukuru "kwa yote", kwa kuwa neno hilo ni pana mno kwa moyo uliojeruhiwa. Jaribu kushukuru kwa kitu kimoja chenye jina: kicheko cha mume wako, siku moja katika ile miaka miwili ambayo maumivu yalipungua mkazungumza, mkono wa mtu aliyeleta maji wakati wa mazishi bila kusema neno. Hizo ni shukrani za kweli, wala hazikuombi ukigeuze kifo kuwa kitu chema.

Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani aliyefungwa na utawala wa Hitler mwaka 1943 na kunyongwa tarehe 9 Aprili 1945, aliwaandikia jamaa na rafiki zake kutoka gerezani, Krismasi ya mwaka ule wa 1943, juu ya kutengana na tuwapendao. Hoja yake imenifaa sana katika huduma ya wafiwa. Anasema ni makosa kudai kwamba Mungu huliziba pengo lililoachwa na mpendwa. Mungu halizibi, bali huliacha wazi, na kwa kuliacha wazi hutusaidia kudumisha ushirika wetu na aliyeondoka, hata kama ni kwa uchungu. Anaongeza kwamba kadiri kumbukumbu zinavyokuwa nzuri ndivyo kutengana kunavyouma zaidi, ila shukrani huugeuza uchungu wa kumbukumbu kuwa furaha tulivu. Ona kwamba shukrani anayoizungumzia inamhusu mtu, haihusu pengo. Kwa hiyo ukijiona unaumia zaidi siku unayokumbuka mazuri, usidhani umerudi nyuma.

Nitakutajia na mwingine mmoja. Katika Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoikumba Ujerumani kati ya mwaka 1618 na 1648, mchungaji Martin Rinkart alihudumu katika mji wa Eilenburg uliojaa wakimbizi. Tauni ilipoingia mwaka 1637 aliwazika watu zaidi ya 4,000, na mke wake alikufa mwaka huo huo. Wimbo wa shukrani alioutunga katika miaka ya vita hivyo ungali unaimbwa makanisani leo, na mara nyingi huimbwa katika sherehe na watu wasiojua ulikotoka. Wengi hukutajia habari hii ili uone aibu: yeye alizika maelfu akashukuru, wewe umemzika mmoja unashindwa. Sikutajii kwa nia hiyo. Nakutajia kwa sababu ya ubeti wa pili, ambao mtunzi anageuka na kuomba, akisihi Mungu awaopoe watu wake katika dhiki zote. Hata ndani ya wimbo wa shukrani aliacha nafasi ya kuomba mateso yaishe, jambo ambalo mtu anayeyashukuru mateso yenyewe asingelifanya.

Limebaki suala la ushuhuda. Hulazimiki kuutoa. Ushuhuda ni kushuhudia, yaani kusema uliyoyaona, na mtu hawezi kushuhudia asichokiona bado; mwambie kiongozi wako hivyo, kwa upole, na umwombe akupe muda bila kutaja tarehe. Kiongozi mwenye busara ataelewa, na asipoelewa, kutoelewa kwake hakuhitaji kuwa mzigo wako. Lakini ukiona unapenda kusema neno, basi sema la kweli lenye pande zote mbili. Unaweza kusimama na kusema: "Mume wangu aliugua miaka miwili, tukaomba apone, naye hakupona. Sielewi kwa nini, na bado namuuliza Mungu. Namshukuru Mungu kwa miaka niliyoishi naye, na kwa waliotushika mkono. Naomba mwendelee kunishika." Hayo yatatosha, tena nakuhakikishia kwamba katika kusanyiko hilo yupo mtu mwingine anayejiona mnafiki kimya kimya, ambaye atapumua kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akikusikia.

Na siku hiyo ikifika ukaona sauti haitoki, mwombe mtu unayemwamini asome Zaburi ya 13 kwa niaba yako, mistari yake yote 6, kisha keti.